Mchicha wa Marehemu

Umoja ni nguvu, kila mtu anajua. Wanachosahau kusema ni kwamba umoja una fomu nne, picha ndogo mbilimbili za viongozi, na katiba nakala tatu.

Msusi aliyajua hayo akiwa mbele ya dirisha la ofisi ya usajili wa vikundi, binti yake mgongoni, foleni ikimhemea kisogoni. Karani hakuinua hata uso.

"Katiba iko wapi?"

"Katiba ya nini, kaka? Sisi tunapanda mchicha."

"Mchicha nao una katiba. Kikundi bila katiba ni watu waliosimama pamoja. Anayefuata!"

Waliosimama pamoja walikuwa kumi na mmoja. Kwa miezi minne walikuwa wamesafisha uwanja nyuma ya jumba la pampu kuukuu la idara ya maji. Walitoa humo matairi, godoro lenye wakazi wake, na choo cha kukalia ambacho hakuna aliyekubali kukibeba zaidi ya hatua kumi, kwa hiyo kikabaki katikati ya bustani na kupandwa mnanaa. Mnanaa ulistawi kuliko kitu chochote. Fundi Viatu, ambaye hakuweza kupita jambo kama hilo kimya, alisema kila mmea una kwao.

Msusi alisuka nywele barazani kwa watu, kichwa baada ya kichwa, miguu ikimvimba. Jioni mara tatu kwa wiki alikwenda kwenye masomo ya watu wazima, na huko ndiko lilikotokea balaa la kuchaguliwa katibu na mweka hazina kwa mpigo mmoja. "Wewe ndiye msomi wetu," walimwambia, wakampigia makofi, wakarudi kwenye majembe yao. Hakukataa. Chumba alichoishi na mumewe kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta, na mumewe, utingo wa malori, alikuwa safarini wiki tatu katika nne. Kule uwanjani, binti yake huyo wa miaka mitatu, aliyeitwa Bosi kwa jinsi alivyoamrisha, alikuwa na mahali pa kukimbia bila mtu kumwambia angalia ndoo, angalia jiko, angalia mlango wa jirani. Alikuwa na mche wake wa nyanya. Kila asubuhi aliuamkia, na kama haukuitikia aliusubiri.

Tatizo ni kwamba uwanja haukuwa wao. Meneja wa idara ya maji alikuwa radhi kuwakodisha kwa miaka mitano, kwa maandishi, lakini alikuwa na neno moja.

"Siwezi kuandikishana mkataba na 'sisi'," alimwambia Msusi. "'Sisi' hana sahihi. 'Sisi' akikataa kulipa nitamshtaki nani? Nileteeni cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na dhamana ya laki tisa. Mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Saa sita na dakika moja nampa mfyatua matofali."

Mfyatua matofali hakuwa mtu wa kungoja dakika zihesabiwe. Wiki ileile alimwaga lori la mchanga mlangoni pa uwanja, lionekane.

Hivyo Msusi alirudi nyumbani na habari ya katiba, na aliyekuwa amekaa kitandani kwake, miguu juu, akimenya karanga, alikuwa mama mkwe wake.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Harusi. Alikuwa ameolewa mara tatu na kuzika mara tatu, na inasemekana sare za harusi ya tatu zilishonwa kutokana na mabaki ya vitambaa vya ya pili. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama cha kuzikana kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuthubutu kugombea naye.

"Katiba?" alisema. "Ndiyo inakukunja uso hivyo? Mimi ninayo."

Akatoa mkobani kurasa kumi na mbili zilizobanwa pini, zenye muhuri wa ofisi ileile na sahihi ya karani yuleyule.

"Hii imeshapita. Badilisha jina, badilisha kazi, peleka. Mtu hachongi mwiko mpya kwa kila ugeni."

"Lakini mama, hii ni ya maiti."

"Na nyinyi mnafukia mbegu. Sote tunachimba."

Kweli ilikuwa mteremko. Kijana wa stesheneri alitoza kwa kila ukurasa aliouchapa upya, na Msusi alikuwa na pesa za kurasa tano. Kwa hiyo zile tano za mwanzo zikabadilishwa: jina, madhumuni, nani awe mwanachama, viongozi, nidhamu. Saba za mwisho zilihusu zaidi fedha na mikutano. Bosi alikuwa ameanza kulia na kutaka kula gundi. Msusi alizipitisha macho, akaona "benki", akaona "sahihi tatu", akaona "theluthi mbili", akajiambia pesa ni pesa na mkutano ni mkutano. Akazitoa nakala kama zilivyo.

Karani aligonga muhuri bila kusoma. Cheti kikatoka. Siku hiyo Msusi alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa fedha. Mpaka hapo hazina ya kikundi ilikuwa imehifadhiwa ndani ya buti la kushoto ambalo mteja mmoja wa Fundi Viatu hakurudi kulichukua. Lilining'inia kibandani mwake juu ya msumari, katikati ya mengine, na hakuna mwizi aliyewahi kuwaza kwamba ndani yake kuna jasho la watu kumi na mmoja. Lakini harufu ilikuwepo. Jumatatu ya wiki ya mwisho walipozipeleka benki laki kumi na elfu sitini, dada wa dirishani alizihesabu kwa ncha za vidole, uso ameugeuza kando kama anayebadilisha nepi.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Mguuni," alijibu Fundi Viatu kwa adabu.

Akaunti ikafunguliwa. Wakapewa kijitabu. Mstaafu, mwenyekiti wao, mzee aliyefanya kazi posta miaka thelathini na kuondoka na saa ya ukutani na kikohozi, alikibusu kijitabu kile mbele ya watu.

"Sasa, dada," Msusi alisema, "tungependa kutoa laki tisa. Tunapeleka dhamana idara ya maji, mkataba uandikwe leo."

Dada wa benki akafungua faili. Akasoma. Akarudia kusoma, kidole kikifuata mstari. Kisha akawatazama mmoja mmoja kwa huruma isiyo ya kibenki.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

Wakatazamana.

"Hakuna aliyefariki."

"Basi siwezi kutoa. Kifungu cha tisa cha katiba yenu: 'Fedha zilizowekwa benki hazitatolewa kwa sababu yoyote ile ila kwa kuwasilishwa cheti cha kifo cha mwanachama.' Sisi tunafuata katiba yenu, mama. Nyinyi ndio mliotuambia."

Msusi alihisi sakafu ya benki, iliyokuwa na vigae vizuri sana, ikimwacha. Alikisoma mwenyewe. Kilikuwa pale, ukurasa wa nane, cheusi, hakina aibu.

"Si tunaweza kuibadilisha?" aliuliza.

"Mnaweza. Leteni marekebisho yaliyogongwa muhuri na msajili."

Nje, Mstaafu alikaa kwenye ngazi na kukohoa. Fundi Viatu akaketi kando yake.

"Tumefungua akaunti. Kuiingia ni bure, kuitoka ni roho ya mtu."

Jumanne jioni wakakutana uwanjani, wamekaa kwenye matairi. Msusi alisimama mbele yao na kusema ukweli wote: alikuwa na pesa za kurasa tano, hakusoma saba, kosa ni lake. Alitegemea matusi. Angeyapenda matusi. Walichofanya ni kutazama mchanga wa mfyatua matofali, na hilo lilimuuma zaidi. Bosi alikuwa amechuchumaa mbele ya mche wake akiueleza jambo refu.

"Basi ni rahisi," alisema Fundi Viatu. "Tunahitaji marehemu mmoja kabla ya Ijumaa."

Mstaafu akakohoa. Vichwa kumi vikageuka kwa pamoja.

"Msinitazame hivyo!"

"Hakuna aliyekutazama, mwenyekiti."

"Mmenitazama! Hata wewe, muuza maji, umenipima kwa macho urefu. Hiki ni kikohozi cha vumbi la barua, nimekuwa nacho tangu hujazaliwa, na nitakuzika wewe nacho."

"Mzee, kikundi kingekukumbuka. Tuta moja tungelipa jina lako."

"Kipe choo kile!"

Wakacheka, na kucheka kukasaidia kidogo. Msusi hakucheka. Alikuwa amefungua ukurasa wa kumi na moja, ambao sasa alikuwa anausoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa, neno kwa neno. Akainua mkono.

"Sikilizeni. 'Marekebisho ya katiba hii yatapitishwa na wanachama wasiopungua theluthi mbili, katika mkutano utakaoketi nyumbani kwa marehemu.'"

"Yaani hata kubadilisha sheria ya kufa," Mstaafu alisema polepole, "lazima mtu afe."

"Soma tena," akasema Fundi Viatu.

Akasoma tena. Na safari hii, katikati ya sentensi, alisimama.

"Haisemi marehemu gani," alisema. "Haisemi awe mwanachama. Haisemi lini. Inasema nyumbani kwa marehemu, basi."

"Na sisi tunamjua nani mwenye nyumba ya marehemu?" aliuliza muuza maji.

Msusi alimjua mtu mwenye nyumba ya marehemu watatu.

Kwenda kwa mama mkwe kuomba jambo ni safari fupi yenye milima. Bibi Harusi aliishi mtaa wa pili, vyumba viwili na sebule, na sebuleni, ukutani, walikaa waume zake kwa mpangilio wa kuondoka: wa kwanza mwenye masharubu, wa pili anayetabasamu kama mdaiwa, na wa tatu, mwembamba, macho ya upole, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Huyo wa tatu ndiye baba wa mume wa Msusi, na Bosi alikuwa ameyachukua macho yale bila kubakisha.

Bibi Harusi alisikiliza habari yote huku akikunja nguo. Ilipofika kwenye kifungu cha tisa, alivimba kwa fahari.

"Mimi ndiye niliyekiweka. Mnacheka, lakini miaka kumi na tisa pesa zetu hazijaibiwa hata senti. Mwizi gani atakubali kufa kwanza?"

"Kwa chama chako ni sawa, mama. Kwetu kimetukaba. Nimekuja kukuomba sebule yako kesho saa kumi. Na cheti kimoja cha kifo, tumwoneshe msajili kwamba nyumba kweli ni ya marehemu."

"Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja. Ila kesho wawili wako zamu, mmoja anasafiri, na mmoja kasema hakanyagi mkutano wa namna hiyo, anaogopa mkosi. Tutakuwa saba. Na theluthi mbili ya kumi na mmoja ni wanane."

"Kwa hiyo mmepungukiwa."

"Tumepungukiwa mmoja."

Bibi Harusi aliendelea kukunja. Alikunja shuka moja mara tatu zaidi ya ilivyohitaji.

"Na mtu akijiunga leo?"

"Tutakuwa kumi na wawili. Theluthi mbili ni wanane hapohapo." Msusi alikuwa ameshapiga hesabu hiyo njiani, mara nne, akitumaini itoe jibu lingine.

"Basi tafuteni mtu."

Hapo ndipo Msusi alipoelewa. Miezi minne mama huyu alikuwa akipita barabarani, akisimama, akitoa makosa: matuta yamepinda, mbolea mbichi, nani amemwambia huyo kushika jembe hivyo. Msusi alikuwa amemchukulia ni mdomo tu. Hakuwahi kumwambia karibu. Kusema kweli, alikuwa na furaha ya siri kwamba kuna kipande kimoja cha ardhi duniani ambacho mama mkwe hakukitawala.

"Mama," alisema, na akajikuta amepiga magoti kwenye mkeka ingawa hakupanga, "ungejiunga na sisi?"

"Mimi? Mgongo huu?"

"Na mgongo wako."

"Hukuniomba. Ulimwomba muuza maji, mtu asiyejua bamia na bangi. Ulimwomba yule wa viatu. Mimi nilimlimia huyu," akaonesha kwa kidevu ukutani, kwa mume wa tatu, "miaka kumi na sita. Yeye alikuwa anasoma, mimi nalima. Akiniletea maji ananisomea gazeti palepale tutani, mpaka magugu yakajua siasa. Nikasema moyoni, mke wa mwanangu naye msomi, labda ataniita. Kimya."

Msusi alitazama kalamu mbili za baba mkwe ambaye hakuwahi kumwona.

"Nilikuogopa," alisema.

"Vizuri. Endelea kuniogopa. Lakini uniite." Akapangusa jicho kwa pembe ya shuka, kisha akalikagua shuka kama ndilo lililolia. "Kiingilio kiasi gani?"

"Elfu tano."

"Wizi! Nitatoa elfu tatu, na nataka tuta la karibu na bomba."

"La karibu na bomba ni la mwenyekiti."

"Yule anayekohoa? Nitalisubiri."

Jumatano saa kumi walikaa wanane sebuleni, magoti yakigongana, chini ya marehemu watatu. Kwa heshima ya mahali, Fundi Viatu alivua kofia na kuwaamkia ukutani mmoja mmoja. Kwanza wakampokea mwanachama mpya na elfu tano zake, maana Msusi alisimama imara kwenye kiingilio na Bibi Harusi akampenda zaidi kwa hilo bila kukiri. Kisha Msusi akasoma. Safari hii alisoma kurasa zote kumi na mbili, kwa sauti, koma kwa koma, na aliyesinzia alikanyagwa.

Kifungu cha tisa kikafutwa: fedha zitatolewa kwa sahihi tatu na muhtasari wa mkutano, wote wakiwa hai. Cha mahali pa mikutano kikafutwa. Kile kilichosema mwanachama asiyelia kwa sauti atatozwa faini kikafutwa, ingawa Bibi Harusi alikitetea kwa dakika kumi. Wakafika kifungu cha kumi na tano, kilichosema mwanachama akifariki, wenzake watamchimbia kwa mikono yao na hawatamwachia kazi hiyo mtu wa kukodi.

"Hiki nacho ni cha chama changu," alisema Bibi Harusi. "Futeni."

Hakuna aliyeinua mkono. Mstaafu alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa mtu wa peke yake, kila mtu alijua; saa yake ya ukutani ndiyo iliyomwambia habari za asubuhi.

"Kiache," akasema Fundi Viatu. "Majembe si tunayo?"

Kikabaki.

Alhamisi, karani wa usajili kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisoma kitu. Alisoma muhtasari, akasoma cheti cha kifo kilichokuwa kimeambatanishwa, akainua uso. Kumbe alikuwa na uso wa kawaida tu.

"Mkutano ulifanyika nyumbani kwa marehemu?"

"Ndiyo, kaka. Kama katiba inavyotaka. Hicho hapo cheti chake."

"Marehemu alikuwa mwanachama?"

"Kifungu hakisemi awe mwanachama," alisema Msusi. "Nimekisoma."

Karani akakirudia kifungu. Akatazama tarehe ya cheti: miaka kumi na minne iliyopita. Mdomo wake ulicheza.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," alisema Bibi Harusi, aliyekuja kukilinda cheti chake kisikunjwe. "Gonga muhuri, baba, mke wa mwanangu ana mtoto mgongoni."

Akagonga.

Ijumaa saa nne walikuwa benki. Dada wa dirishani alipindua marekebisho, akapindua sahihi tatu, akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyekufa?"

"Bado," alijibu Mstaafu kwa ukali, "na usinitazame."

Laki tisa zikatoka, mpya, zikinukia karatasi. Saa tano na nusu zilikuwa mezani kwa meneja wa maji. Mfyatua matofali alikuwa ameketi pembeni, kofia gotini, bahasha yake ikiwa tayari. Alisimama, akampa Msusi mkono na kuuliza kama kikundi kingependa kununua mchanga, maana kuuhamisha ni gharama. Msusi alisema wataliweka kwenye kikao. Kisha akaambiwa asaini, na juu ya mstari, pale ambapo huandikwa jina la mtu, palikuwa pameandikwa jina la kikundi. Alisaini chini yake taratibu, kwa mwandiko wa masomo ya jioni. Baada ya kusoma kurasa zote.

Walipofika uwanjani, Bibi Harusi alikuwa ametangulia. Alikuwa amevua viatu, amefunga kanga kiunoni, na alikuwa anapima matuta kwa hatua, akitikisa kichwa.

"Yamepinda!" alipiga kelele. "Nani alipima hapa, mlevi?"

"Mimi," alisema Msusi.

"Ndiyo maana. Njoo nikuoneshe."

Bosi alimtazama bibi yake kwa muda, kama bosi anavyomtazama bosi. Halafu akamshika kidole na kumpeleka mbele ya mche wa nyanya.

"Mwamkie," aliamuru.

Na Bibi Harusi, aliyezika waume watatu bila kuinama kwa mtu, akainama.

Karibu na bomba, Mstaafu akakohoa. Fundi Viatu akamsogezea ndoo ya maji na kikombe, bila kumpima kwa macho.